Mpangilio wa msimbo katika maktaba ya GMP

GMP ni maktaba ya programu huria inayokokotoa namba kubwa kupita ukubwa ambao kichakataji hushughulikia kwa mara moja, zikiwemo zile za mamia ya tarakimu zinazolinda siri za mawasiliano. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Mwandishi wake mkuu ni Torbjörn Granlund. Simu nyingi zina vichakataji vya ARM na kompyuta nyingi zina vya x86-64. GMP huzihudumia zote kwa chanzo kimoja.

Muundo

Kazi za msingi zimo katika saraka ya mpn. Humo kila namba hukatwa vipande, kwa kawaida vya biti 64 au 32. Saraka ndogo ya generic ina msimbo wa lugha ya C, unaofaa kichakataji chochote. Kando yake zimo saraka za familia za vichakataji, kama x86_64, arm64 na powerpc64, zenye msimbo wa asembli. Ndani ya x86_64 zimo saraka za miundo mahususi, mfano zen.

Tofauti huonekana katika kujumlisha. Vichakataji vya x86 vina amri ya adc, inayojumlisha vipande viwili pamoja na moja iliyozidi kutoka kipande kilichotangulia. C haina amri hiyo: hujumlisha kwanza, kisha hulinganisha. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba mojawapo iliyojumlishwa, kuna moja ya kupeleka mbele. Jibu ni lilelile, ila hatua huongezeka.

Uteuzi

Wakati wa kuijenga maktaba, skripti ya configure hutambua kichakataji, kisha hutafuta kila kazi kuanzia saraka mahususi zaidi na kuishia generic. Kwa hiyo kichakataji kipya huanza na C tupu, na asembli huongezwa faili moja baada ya nyingine. Kwa x86, chaguo la --enable-fat hukusanya matoleo kadhaa pamoja, na uteuzi hufanyika programu inapoendeshwa.

Faili la gmp-mparam.h huweka vizingiti vya kubadili mbinu, kwa mfano kutoka kuzidisha kwa kawaida kwenda mbinu ya Karatsuba ya mwaka 1960. Vizingiti hivyo hupimwa kwa programu ya tuneup, maana hutofautiana baina ya vichakataji.

Uhakiki

Asembli ni rahisi kukosewa na ngumu kusomeka. Ndiyo maana majaribio ya GMP hulinganisha majibu yake na yale ya kazi nyepesi za C zilizoandikwa kwa ajili ya ukaguzi tu.