Ukingo wa Maski: Kutoka Kitambaa Cheusi hadi Kompyuta

Maski ni umbo linaloamua sehemu gani ya picha ionekane na ipi ifichwe. Kitu kinachokatwa kikiwa kinasogea, umbo nalo halina budi kusogea pamoja nacho, fremu kwa fremu, na hapo ndipo matatizo yote ya kazi hii huanzia. Tuseme mchungaji amepigwa video kwenye malisho ya Bijombo, juu ya milima ya Uvira, na inatakiwa jina la wimbo lipite nyuma ya mgongo wake. Mhariri itambidi amtenge na nyasi. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, sekunde kumi tu ni picha 250, na ukingo ukikosewa katika moja kati yake, jicho hulinasa kosa papo hapo.

Tatizo hilo ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1898, Mfaransa Georges Méliès alitengeneza *Un homme de têtes*, filamu fupi ambayo ndani yake anajivua kichwa mara tatu na kukiweka mezani, huku kingine kikimwotea shingoni. Siri ilikuwa kitambaa cheusi. Palipo na weusi, filamu haikupata mwanga. Ikarudishwa nyuma ndani ya kamera na kupigwa tena, na kichwa cha pili kikajaza nafasi iliyobaki wazi. Kamera ikitikisika kidogo, au filamu ikirudishwa pungufu ya ilivyotakiwa, kichwa na meza haviafikiani tena. Miaka mitano baadaye, Mmarekani Edwin S. Porter alitumia ujanja wa aina hiyo katika *The Great Train Robbery* ili treni ionekane ikipita nje ya dirisha. Lakini dirisha halitembei, kwa hiyo maski yake ilitulia mahali pamoja.

Maski inayotembea ilihitaji akili nyingine. Frank Williams alipata hataza yake Marekani mwaka 1918: mwigizaji alipigwa picha mbele ya mandhari ya rangi moja, kisha filamu ikanakiliwa kwa tofauti kali ya weusi na weupe mpaka akabaki kivuli cheusi kitupu. Kivuli hicho ndicho kilichokuwa maski. Kasoro yake ilionekana pembeni, kwani filamu husinyaa kidogo inaposafishwa kwa dawa, na nakala mbili zisipolingana sawasawa, mstari mwembamba humzunguka mtu mwili mzima.

Njia ya pili ilikuwa mkono. Rotoskopu ya Max Fleischer, iliyopewa hataza mwaka 1917, ilirusha fremu moja moja kwenye kioo ili mchoraji aifuatishe kwa kalamu. Mkono wa binadamu haurudii mstari uleule mara mbili. Michoro ikichezwa kwa mfululizo, ukingo hutetemeka kama maji ya sufuria yanayoanza kuchemka, na ugonjwa huo haujawahi kuisha. Ukiulinganisha na katuni za vikaragosi vya karatasi, tofauti inaeleweka mara moja. Jean-Michel Kibushi wa Kongo, aliyeanzisha Studio Malembe Maa mwaka 1988, alisimulia hadithi ya chura na wakwe zake mwaka 1991 kwa karatasi zilizokatwa. Kikaragosi hukatwa kwa mkasi mara moja, kisha husogezwa kilekile chini ya kamera, kwa hiyo ukingo wake hutulia.

Rangi ilipunguza kazi ya mkono. Larry Butler alitumia mandhari ya buluu katika *The Thief of Bagdad* ya mwaka 1940, na Petro Vlahos akaiboresha njia hiyo kwa ajili ya *Ben-Hur* ya 1959. Kamera za dijitali zilipofika, kijani ndicho kilichopendelewa, kwa kuwa vihisi vyake hupokea kijani kwa wingi zaidi. Hata hivyo, kijani cha studio ni kitambaa kilichonyooshwa na kuangazwa sawasawa. Nyasi za mlimani zina kivuli, zina manjano, na ukungu ukishuka zinakuwa kijivu. Programu ikiamriwa kufuta kijani, huacha vipande vya mlima na kumla mchungaji koti. Video ya namna hiyo humrudisha mhariri kwenye mkono.

After Effects, iliyotolewa mwaka 1993 na kampuni ya CoSA ya Marekani kabla ya kuwa mali ya Adobe, iligeuza mkono huo kuwa nukta zilizounganishwa kwa mistari. Mhariri huweka umbo katika fremu chache, na kompyuta hujaza zilizo katikati. Kosa linalowashangaza wengi ni maski kujisokota yenyewe, ikajikunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Chanzo chake ni nukta ya kwanza: katika umbo moja iko begani, katika lingine iko kiunoni, na kompyuta inavuta bega liende kiunoni. Dawa ni kuteua upya nukta ya kwanza ili ilingane katika maumbo yote mawili.

Mtetemeko nao hutokana na bidii iliyopotea njia, yaani kusahihisha kila fremu. Mafundi wazuri huweka umbo kwanza pale mwendo unapoanza na unapogeuka, kisha katikati, kisha katikati ya katikati, na kuacha pale ukingo unapokaa. Mwili pia haukatwi kwa maski moja. Kichwa, kiwiliwili, mkono na fimbo hupewa kila kimoja yake, na pembe ndefu za ng'ombe vivyo hivyo. Mkono unaopungwa haraka huacha ukungu kwenye picha, hivyo ukingo wake hulainishwa kwa kiasi kilekile.

Brashi ya rotoskopu, iliyoongezwa kwenye After Effects mwaka 2010, hutafuta ukingo yenyewe, lakini hupotea ng'ombe wa kahawia akisimama mbele ya udongo wa kahawia.

Video za simu zina tatizo lao. Simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu mwanga unapopungua, kwa hiyo maski iliyokaa vizuri mwanzoni huanza kuachana na mwili kadiri dakika zinavyokwenda. Kusogeza nukta hakusaidii. Video hugeuzwa kwanza iwe ya kasi moja, ndipo maski ichorwe, kisha rangi nyekundu kali iwekwe nyuma ya mtu, kwa sababu juu ya wekundu huo kila pikseli ya nyasi iliyosahaulika huonekana.