Jiwe Lililovikwa Koti

Mwaka 1881 nguzo ya Firauni Thutmose III, iliyochongwa Misri zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, ilisimamishwa Central Park, New York. Ni granaiti nyekundu, uzito wake karibu tani 200. Baada ya majira machache tu ya baridi ikaanza kubanduka. Chumvi iliyoingia ndani ya jiwe tangu Misri ilikuwa imekutana na unyevu na barafu.

Mwaka 1885 akaitwa Robert Caffall. Dawa yake: jiwe lipashwe moto, kisha linyweshwe nta ya parafini. Kabla ya hapo mafundi walibandua kila kilicholegea. Zilitoka zaidi ya kilo 350, na maandishi ya kale yakaenda nazo. Yaani mgonjwa alichunwa ngozi ndipo apakwe mafuta!

Karne iliyofuata nta ikaipisha plastiki. Bologna, Italia, katika miaka ya 1970, uso wa kanisa la San Petronio ulipakwa mchanganyiko wa akriliki iitwayo Paraloid B72 na silikoni. Akriliki ishikamanishe jiwe linalosagika, silikoni ifukuze mvua. Tena B72 ilikuwa na sifa iliyowapendeza wahifadhi wengi: huyeyuka kwa asetoni. Tukikosea, tutaitoa.

Sasa, ahadi hiyo ndiyo inayonisumbua. Jua hukata minyororo ya molekuli za plastiki, au huifunganisha. Utando unakuwa wa njano, unapasuka, na aina nyingine hukataa kabisa kuyeyuka. B72 ni ngumu kuliko wenzake wengi, tuseme haki. Lakini huanza kulainika kwenye nyuzi 40 hivi, joto ambalo jiwe hulifikia kwa urahisi kwenye jua la kiangazi, na hapo vumbi na masizi hunasa. Na hata kama bado inayeyuka, ile iliyokwisha kuzama ndani ya vitundu vya jiwe nani ataifuata yote huko?

Halafu maji hayaji kwa mvua peke yake. Ukuta huyanywa kutoka ardhini pia. Yakikosa pa kutokea, chumvi hugeuka fuwele nyuma ya utando, fuwele zinasukuma, na siku moja utando unang'oka na uso wa jiwe juu yake. Mwenye nyumba ya matumbawe Lamu au Unguja hahitaji maabara kulijua hili: apake rangi ya plastiki juu ya chokaa, angoje masika kadhaa, aone malengelenge. Chokaa nayo huchakaa, lakini fundi hurudi na ndoo yake akapaka upya.

Kumbe hata Ulaya wamerudi huko. Kwa mawe ya chokaa, baadhi ya wahifadhi sasa hutumia chembe ndogo mno za chokaa zilizochanganywa na alkoholi. Granaiti ya Thutmose ni jiwe la aina nyingine. Yenyewe, mwaka 2014, ilisafishwa masizi kwa leza.