Pasi Iliyodakwa Mstarini, 2015
Katika futiboli ya Kimarekani, ambayo tofauti na raga ya Kitale na Bungoma huruhusu mpira kurushwa mbele, fainali ya tarehe 1 Februari 2015 huko Arizona, alfajiri ya tarehe 2 hapa Kenya, iliwakuta Seattle Seahawks wakiwa nyuma 28–24, wamebakiza yadi moja, yaani sentimita 91, kufika mstari wa goli. Russell Wilson wa Seattle alirusha pasi fupi, lakini Brandon Browner wa wapinzani wao, New England Patriots, alikuwa amemzuia Jermaine Kearse wa Seattle papo hapo, hivyo mwenzake Malcolm Butler akapata njia, akamtangulia mlengwa wa pasi, Ricardo Lockette, na kuudaka mpira zikisalia sekunde 20. Kocha wa Seattle, Pete Carroll, alilaumiwa kwa kutompa Marshawn Lynch mpira akimbie nao, ingawa pasi inayoanguka chini husimamisha saa. Sifa kubwa yamstahili Browner, ambaye mpira hakuugusa kamwe.