Michembe na Matobolwa: Chakula cha Kiangazi katika Nchi ya Misafara

Katika Igunga, wilaya ya mkoa wa Tabora nchini Tanzania, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Unyamwezi na Usukuma, viazi vitamu huhifadhiwa kwa namna mbili: michembe, yaani viazi vilivyomenywa, kukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa juani, na matobolwa, yaani viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikatwe na kukaushwa. Zao hili lina asili ya Amerika.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, Novemba 1857, biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kuifanya Unyamwezi kituo kikuu cha misafara, na Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo kwa ujira, waliolishwa kwa posho, mgawo wa nafaka uliopimwa kwa kibaba. Kwa kuwa safari zao zilifanyika hasa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, maisha ya kaya yalitegemea ghala, na kazi ya kumenya, kuanika na kuhifadhi, ambayo hasa ilikuwa ya wanawake, inastahili nafasi katika historia ya misafara sawa na ubebaji wa pembe. Wali, uliothaminiwa na wafanyabiashara Waarabu, ulienea taratibu, na sasa mpunga hulimwa sana katika mbuga za Igunga. Hata hivyo matobolwa yangali yakitafunwa pamoja na karanga.