Kuchemsha na Kuzidiwa

Gari likiegeshwa kando ya barabara, boneti juu na mvuke mweupe ukipanda, hakuna mpita njia anayehitaji kuelezwa: limechemsha. Neno hilo lina sifa zake. Ni fupi, linaleta picha machoni, na lilishatoka gereji likaingia mtaani, ambako hata aliyeanguka mtihani "kachemsha". Kisarufi lina kioja kidogo, maana kinachochemka ni maji na gari ndilo linaloyachemsha. Wasemaji wameiangusha yambwa na kitenzi kikabaki peke yake. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba tumelibebesha neno hilo jambo jingine kabisa, yaani injini kupata joto jingi kuliko mfumo wake wa kupoza unavyoweza kuliondoa. Mambo hayo mawili hukutana mara nyingi, lakini si jambo moja.

Ushahidi umo ndani ya rejeta yenyewe. Mfumo wa maji umefungwa, na kifuniko chake kina springi inayozuia mvuke mpaka shinikizo lipande kwa takriban baa 1 juu ya lile la hewa ya nje. Katika shinikizo hilo maji matupu huchemka karibu na nyuzi 120 za Selsiasi, wala si 100, na yakichanganywa na kulanti kiwango hicho hupanda juu zaidi. Injini nyingi hutulia kati ya nyuzi 85 na 105 hivi. Iliyofika 118, basi, tayari imo hatarini. Ikiwa silinda hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma, hedi hutanuka karibu mara mbili ya bloku, gasketi iliyobanwa katikati inasagika, na hakuna hata tone lililochemka. Geuza upande wa pili: kifuniko chenye springi iliyochoka huyaacha maji yachemke kwenye nyuzi 100, joto ambalo injini hiyohiyo ingelivumilia bila neno. Kisha kuna dereva mwenye haraka anayefungua kifuniko kabla ya kupoa. Maji ya nyuzi 110 yaliyokuwa kimya hupoteza shinikizo ghafla, yanafumka kuwa mvuke na kumuunguza mkono na uso. Gari lilikuwa halijachemsha. Aliyechemsha ni yeye, kwa maana zote mbili za neno.

Ninachopendekeza ni kuliachia "kuchemsha" kazi yake halisi ya kutaja maji yanapogeuka mvuke, na hali ya injini tuiite kuzidiwa na joto. Kitenzi hiki hatukiundi, tunacho. Mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri hali ikabadilika usiku, kazidiwa. Karani aliyerundikiwa mafaili kazidiwa. Kote humo kuna pande mbili, mzigo na uwezo wa kuuhimili, na habari ni kwamba wa kwanza umeupita wa pili. Injini nayo haina kiwango cha joto kinachoidhuru kwa kuzalishwa tu. Ikipanda mlima wa Kitonga na mzigo kamili huzalisha joto jingi mno na bado ikawa salama, mradi rejeta inalitoa kwa kasi ileile.

Kiyoyozi ndicho kinachoonyesha hili waziwazi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari. Malalamiko ya kawaida ni haya: gari ni zima siku nzima, ila likiwa kwenye foleni ya mchana na kiyoyozi kimewashwa, mshale wa temperecha unaanza kupanda, kikizimwa, unashuka. Watu huhitimisha kwamba kiyoyozi kibovu. Lakini kiyoyozi hakizalishi ubaridi, kinahamisha joto. Kinalichota mle ndani kwa abiria na kulitupa nje kupitia kondensa, na kondensa katika magari mengi imepangwa mbele kabisa ya rejeta, zimeachana kwa upana wa vidole tu. Kwa hiyo hewa inayofika kwenye rejeta imeshapashwa moto njiani. Juu ya hapo kompresa inazungushwa kwa mkanda na injini ileile, inayolazimika kuchoma mafuta zaidi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa upepo wa mbele hulipia deni hilo lote. Kwenye foleni hakuna upepo, imebaki feni peke yake. Na feni iliyochoka, au mapezi ya kondensa yaliyojaa vumbi na wadudu, ambayo jana hayakuonekana kuwa tatizo, leo yanatosha kuuinamisha mzani. Ndiyo maana mafundi humshauri dereva aliyenaswa azime kiyoyozi na kuwasha hita hadi mwisho, adhabu kubwa kwa aliye Dar es Salaam mwezi wa pili. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Anauongeza uwezo na kuupunguza mzigo kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema neno "ovahiti" limeshazoeleka na lina maana moja tu. Limezoeleka, kweli, ila kwa msikilizaji ni sauti isiyo na mizizi. Halimdokezi chochote asichokijua tayari. Wengine wataleta "joto kupita kiasi", ambayo ni sahihi kwa daktari anayesoma kipimajoto, lakini inamfanya msomaji aitazame namba badala ya mizani. Pingamizi zito zaidi ni la kisarufi: tukisema askari wamezidiwa nguvu, maana yake adui anazo nguvu zaidi yao, hivyo "kuzidiwa joto" ingemaanisha kuna kitu chenye joto kuliko injini. Nakubali, na ndiyo sababu "na" isiachwe. Injini huzidiwa na joto, kama mtu anavyozidiwa na usingizi.

Kitenzi hiki kina faida nyingine gereji. Mteja akisema gari linachemsha, fundi huenda moja kwa moja kwenye maji. Akisema linazidiwa, swali la pili linakuja lenyewe: lini? Likizidiwa limesimama na kiyoyozi kinafanya kazi, fundi ataanza na feni na kondensa. Likizidiwa kwenye mwendo mkali, ambako hewa haina upungufu, atashuku rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji au themostati isiyofunguka. Kompresa itabaki mahali pake, bila kubadilishwa.