Majasusi wa kike wa Kongo, wa kweli na wa kusingiziwa

Kwenye njia inayotoka Sake kupanda Masisi hadi Walikale, mama anayeshuka sokoni na fromaji na maharage hupekuliwa mara mbili, kwanza mzigo wake, halafu kichwa chake. Huko juu umeona watu wangapi? Wana silaha gani? Akivuka upande wa pili anaulizwa hayo hayo na watu wengine, na jibu lolote laweza kumpa jina la mpelelezi. Vita vya miaka thelathini vimewafundisha wenyeji kuchunga ulimi. Sinema nayo imekuja Kivu mara nyingi kutafuta gorila, madini na wanajeshi, lakini mama huyu haijamtazama sana. Jasusi wa kike iliyempenda ni mwingine.

Katika filamu ya *Gorillas in the Mist* ya mwaka 1988, askari wa Kongo wanaivamia kambi ya mtafiti wa gorila Dian Fossey, anayeigizwa na Sigourney Weaver, na kumfukuza wakidai ni jasusi wa nchi za nje. Mwongozaji Michael Apted aliongeza chumvi, ila chanzo chake ni kisa cha kweli. Fossey alianza kazi Kabara, kwenye mlima Mikeno, mwezi wa Januari 1967. Mwanzoni mwa Julai mamluki Wazungu wa Jean Schramme walimwasi Rais Mobutu. Tangu siku hiyo Mzungu aliyekaa peke yake msituni na darubini na daftari alikuwa na mengi ya kueleza. Siku chache baadaye askari walimteremsha mlimani, wakamweka kwenye kambi ya jeshi ya Rumangabo. Alijitoa kwa ujanja: aliwaahidi pesa wakimsindikiza hadi Kisoro, Uganda, kutengeneza karatasi za gari lake, na walipofika, askari wa Uganda wakawakamata wasindikizaji. Mwezi wa Septemba alifungua kambi ya Karisoke upande wa Rwanda, na huko ndiko alikouawa Desemba 1985. Hakuwa jasusi wa mtu yeyote. Apted, kwa upande wake, alikuja kukabidhiwa filamu nzima ya James Bond mwaka 1999.

Tuhuma kama ile ya Fossey ilikuwa na picha yake tayari. Mwaka 1931 Greta Garbo aliigiza Mata Hari, na mwaka huo huo Marlene Dietrich akaigiza jasusi wa Austria katika *Dishonored*. Wote wawili ni warembo wa kuvaa hariri, wanaopenda pasipofaa, na wote wanaishia mbele ya bunduki. Mata Hari wa kweli alipigwa risasi huko Vincennes Oktoba 15, 1917, na hadi leo wanahistoria wanabishana kama aliwahi kumpa mtu siri yenye maana. Siku hizi urembo umeongezewa mateke: Angelina Jolie katika *Salt* ya mwaka 2010 anaruka kutoka lori moja hadi jingine barabarani, na watazamaji wanapiga makofi.

Ukitaka wa kweli aliyefanya kazi Kongo, ni Daphne Park, na yeye asingepata nafasi ya kuigiza. Mwenyewe alipenda kusema ana sura ya mmisionari mnene mchangamfu. Alizaliwa Uingereza mwaka 1921, akalelewa Tanganyika katika nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba, akarudishwa London kusoma akiwa na miaka kumi na moja. Baada ya Moscow, idara ya ujasusi ya MI6 ilimtuma Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1959, mbele za watu akiwa ofisa wa ubalozi. Alitembea na Citroën 2CV, gari dogo ambalo, kwa hesabu yake, hakuna mtu angelichukulia kwa uzito. Ndani ya buti la gari hilo alimtorosha katibu wa Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Siku moja, kwa masimulizi yake, alizingirwa na kundi lenye mapanga. Akafungua boneti na kuwashukuru kwa kufika, maana injini ilikuwa inamsumbua. Nani atamkata panga mama aliyeharibikiwa na gari? Mwaka 2013, miaka mitatu baada ya kifo chake, mwanasiasa wa Uingereza Lord Lea aliandika kwamba Park alimwambia ndiye aliyepanga kuuawa kwa Lumumba. Wengine wamelipinga dai hilo vikali.

Aliyeitwa jasusi kwa sauti kubwa wakati ule ni mwingine kabisa, Andrée Blouin. Naye alizaliwa mwaka 1921, huko Ubangi-Shari, mama Mwafrika na baba Mfaransa, akatupwa kwenye kituo cha yatima cha masista. Mwaka 1960 alizunguka vijijini Kongo na chama cha PSA cha Gizenga akiwaandikisha wanawake kwa maelfu, kisha akawa mkuu wa itifaki wa Lumumba. Magazeti ya Ulaya yakamfanya wakala wa Wakomunisti na hawara wa vigogo. Kazi yake ilikuwa ya hadharani, jukwaani, mchana kweupe, na ndiyo iliyomponza: alifukuzwa nchini mwaka huo huo.

Filamu za karibuni zimeusogelea upelelezi kwa njia nyingine. *Blood in the Mobile* ya mwaka 2010 ilimfuata Mdenmark Frank Piasecki Poulsen, akichunguza madini ya simu, hadi machimbo ya Bisie, Walikale. Katika *Virunga* ya mwaka 2014, mwandishi Mfaransa Mélanie Gouby anakaa mezani Goma na watu wa kampuni ya mafuta ya SOCO, kamera imefichwa, nao wanazungumza wasiyopaswa kuzungumza. Kampuni ilikana kufanya kosa. Kwangu huyo ndiye jasusi wa kike bora wa sinema ya Kivu: hana bastola, silaha yake ni subira ya kusikiliza upuuzi hadi mwisho wa chakula.

Park na Blouin walikuja kukutanishwa na Johan Grimonprez katika *Soundtrack to a Coup d'État* ya mwaka 2024, filamu iliyofika hadi kuteuliwa kuwania Oscar. Park yumo katika mahojiano yake ya zamani, akieleza kwa utulivu jinsi ya kugombanisha watu hadi wamalizane wenyewe. Maneno ya Blouin yanasomwa na Marie Daulne wa kundi la muziki la Zap Mama, mzaliwa wa Isiro.