Uraka na hamu ya pombe rahisi za nyumbani

Uraka ni pombe nyepesi itokanayo na maji ya mabibo, matunda ya mkorosho, na hutengenezwa wakati wa msimu wa korosho kusini mwa Tanzania, hasa katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Makala hii inaueleza uraka wa ukanda wa Masasi na Newala, ikiwemo kata ya Chiungutwa katika Wilaya ya Masasi, pamoja na jambo linaloambatana nao daima: hamu. Mtu wa kusini anayeishi Dar es Salaam akianza kutaja vya kwao, uraka hauchelewi kutajwa pamoja na ming'oko, viazi vya porini vinavyoliwa kusini, ingawa ni kinywaji cha bei ya chini kisicho na chapa wala kizibo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hamu hiyo haielezeki kwa utamu wa kinywaji peke yake, wala kwa ufukara wa wanywaji. Uraka ni ile sehemu ya zao la korosho isiyosafiri. Korosho huenda mnadani na ng'ambo, bibo hubaki kijijini, na kinachotengenezwa kwa bibo hubaki mikononi mwa wenyeji. Anayeutamani uraka anautamani ukaribu huo, na kiwanda kinaweza kurithi jina la pombe bila kuurithi ukaribu.

Utengenezaji

Mkorosho huzaa vitu viwili kwa pamoja: korosho yenye ganda gumu, na bibo jekundu au la njano, laini na lenye maji mengi, ambalo korosho huning'inia chini yake. Bibo huwa na uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho yake, lakini bei yote iko kwenye korosho. Likishaanguka, bibo huanza kuoza ndani ya siku moja au mbili, hivyo halivumilii gari wala ghala. Msimu unaposhika kasi, kuanzia Septemba na Oktoba kuelekea mwisho wa mwaka, wakulima huokota yaliyoanguka na kuchomoa korosho, na mabibo hurundikana chini ya miti. Yaliyo mazima huchaguliwa, hutwangwa au kukamuliwa, na maji yake huchujwa. Yakinywewa papo hapo ni maji ya tunda yenye utamu na ukakasi. Yakiachwa chomboni, chachu ya asili huigeuza sukari kuwa kilevi, na kesho yake ni uraka. Siku zikizidi huchacha mno na kuwa kama siki. Hakuna kupika, hakuna kimea, hakuna kuongeza maji. Wauzaji wake wengi ni wanawake, nao huupima kwa kopo, jagi au ndoo, karibu na mahali mabibo yalipookotwa.

Uraka lazima utofautishwe na nipa, pombe kali ya moshi ambayo kwingine nchini huitwa gongo. Nipa hupatikana kwa kuchemsha mabibo yaliyochacha, hata yaliyoanikwa na kuwekwa, kisha kuukusanya mvuke wake. Kwa sababu hiyo nipa huweza kukaa muda mrefu, kufichwa na kusafirishwa mbali, mambo ambayo uraka hauyawezi. Pombe ya moshi inayotengenezwa bila leseni imekatazwa nchini kwa sheria iliyotungwa mwaka 1966. Vinywaji hivi viwili hutoka kwenye tunda moja, lakini vina nguvu, hatari na maisha tofauti, na kuvichanganya kumeharibu mazungumzo mengi kuhusu pombe za kusini.

Kabla ya mkorosho na baada yake

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, na kilimo chake kikubwa kusini mwa Tanganyika kilienea hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya hapo pombe ya Wamakonde, Wamakua na Wayao ilikuwa ya nafaka, hasa mtama. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta pombe hiyo ikiandamana na sherehe za unyago. Kuitengeneza kulidai chakula, kuni na maji. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni mtihani wa miaka yote: udongo wa kichanga hunywa mvua, vijito ni haba, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, kwa sababu shida hiyo haikuweza kuachwa hivyo. Katika nchi ya namna hii, tunda lililojaa maji yake lenyewe, lisilodai kuni wala kupunguza nafaka ya ghalani, lilileta pombe ambayo gharama yake kubwa ni nguvu za mikono. Urahisi wa bei ya uraka umetokana na ardhi na mti. Hakuna mfanyabiashara aliyeupanga.

Historia ya zao hilo inaonyesha pia kwa nini uraka umebeba kumbukumbu nzito. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya pamoja wakaacha mikorosho yao mbali, bei ilikuwa ya kukatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiri unga ulishambulia maua. Utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele na matumizi ya salfa vilisaidia zao kufufuka, na msimu wa 2017/18 ulivuka tani 300,000. Katika kupanda na kushuka huko mkulima hakuwa na kauli juu ya bei ya korosho. Alisubiri chama cha ushirika, mnada na wanunuzi ambao wengi wao huipeleka India na Vietnam. Kwa bibo hakumsubiri mtu. Ndiyo maana kwa wengi uraka unakumbukwa kama mavuno ambayo mwenye shamba aliyafaidi siku ileile, huku hela ya korosho ikiwa bado njiani.

Bia za viwandani

Kusini haijawahi kuwa na bia yake kwa maana ya kiwanda kikubwa. Kampuni ya Bia Tanzania, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1933, ina viwanda Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Mbeya. Kampuni ya bia ya Serengeti ina viwanda vyake Dar es Salaam, Mwanza na Moshi. Kanda ya Ziwa imepata Balimi, bia yenye jina la Kisukuma lenye maana ya wakulima. Mtu wa Newala hunywa Safari au Kilimanjaro iliyomfikia kwa lori kutoka mbali, akalipia na safari yake. Kwa hiyo, tukitafuta kusini mfano wa ile bia rahisi ya mkoa ambayo watu wa nchi nyingine huikumbuka kwa mapenzi, tutaukuta uraka. Mbege una nafasi hiyo Kilimanjaro, na ulanzi Iringa na Njombe.

Kampuni za bia zimejaribu kuufikia mfuko wa mnywaji huyu kwa njia nyingine. Uganda ilitoa Eagle ya mtama mwaka 2002, Kenya ikatoa Senator mwaka 2004, na Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ikatoa Impala ya muhogo mwaka 2011. Zote zilitumia mazao ya wakulima wa karibu, na zote zilitegemea serikali kupunguza ushuru. Kenya ilipoirudishia Senator sehemu ya ushuru mwaka 2013, mauzo yake yaliporomoka. Hapo tofauti inaonekana wazi. Urahisi wa bia hizo hutolewa kwa waraka wa serikali na unaweza kuondolewa kwa waraka mwingine, lakini urahisi wa uraka hudumu maadamu mkorosho unazaa.

Mfano wa Marekani

Nchi ambako hamu ya bia rahisi za mikoa imeonekana kwa uwazi mkubwa ni Marekani. Pombe ilipigwa marufuku nchini humo kuanzia 1920 hadi 1933, na baadaye kampuni kubwa zikazimeza ndogo, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya bia vilivyobaki nchi nzima havikufika 100. Zilizoondoka zilikuwa bia za miji: Rainier ya Seattle, Olympia ya Tumwater, Narragansett ya Rhode Island, Pabst ya Milwaukee. Kiwanda cha Pabst mjini Milwaukee kilifungwa 1996, cha Rainier 1999, na cha Olympia 2003. Majina hayakufa. Yaliendelea kubandikwa kwenye makopo yaliyojazwa katika viwanda vya wengine, mbali na kwao. Olympia inafundisha zaidi, maana kwa miaka mingi ilijisifia maji ya chemchemi za Tumwater, kisha ikatengenezwa bila maji hayo. Waliokuwa wakiipenda walibaki na picha ya kopo. Narragansett ilipofufuliwa mwaka 2005, aliyeifufua alikuwa mtu wa Rhode Island, na watu wa huko waliipokea kama kitu kilichorudi nyumbani.

Ushahidi huo una mafunzo mawili. La kwanza, bia hizo zilipendwa zikiwa za kawaida kabisa; hakuna aliyedai kuwa Rainier ilizishinda bia za Ujerumani kwa ladha. La pili, soko hutambua hamu ya watu na huiuza, hata pale kilichotamaniwa kimekwisha. Kwa uraka funzo la pili halijatimia, kwa kuwa kinywaji kinachoharibika kwa siku chache hakihamishiki. Udhaifu ulioufanya usiingie soko la mbali ndio uliounusuru usitengwe na kwao.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni zito: kuusifia uraka ni kusifia ulevi. Msimu wa mabibo huja na watu wanaolewa mchana, ugomvi wa nyumbani, na korosho zinazouzwa kwa kangomba, yaani nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa ili mtu apate hela ya kunywa. Hayo hutokea, na hakuna hamu inayoyafuta. Lakini mengi hutokana na pombe kali kuliko uraka, na hutokana pia na fedha ya korosho kuchelewa kumfikia mkulima. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, pombe kali za viwandani za pakiti ndogo, na hatua hiyo inaweza kusomwa kama ishara kwamba hatari kubwa ni nguvu ya pombe ikiunganika na wepesi wa kuipata. Kipimo hichohicho kikitumika kwa haki, uraka hauwezi kuwekwa kapu moja na nipa. Kumkumbuka bibi aliyekamua mabibo hakumzuii mtu kudai mtoto asiuziwe na dereva asinywe.

Pingamizi la pili linasema kwamba watu hunywa uraka kwa kukosa hela ya bia, na wakizipata watauacha. Wapo wanaouacha, kwani bia ya chupa mezani huonyesha kwamba mtu amefanikiwa. Hata hivyo, kama umaskini ungekuwa sababu pekee, hamu ingekwisha kwa aliyepata mshahara mjini. Marekani nako, walioipandisha tena Pabst baada ya mwaka 2000 walikuwa vijana wa mijini wenye uwezo wa kununua bia za bei kubwa zaidi. Bei ndogo huanza kama lazima, kisha hugeuka kuwa sehemu ya maana, kwa kuwa kinywaji ambacho kila mmoja anaweza kukinunua humkalisha kila mmoja kwenye duara lilelile.

Pingamizi la tatu hutoka kwa waumini. Masasi ina misikiti mingi na Ukristo wa tangu misheni ya mwaka 1876, na wengi huko hawanywi pombe kwa imani yao. Msimamo wao unastahili heshima, na haupingani na hoja hii. Bibo si mali ya walevi peke yao. Maji yake mabichi yana vitamini C kwa wingi kuliko chungwa, na hunywewa hata na wasiogusa kileo. Kinachofaa kulindwa ni maarifa ya tunda zima, na uraka ni tawi moja la maarifa hayo.

Mustakabali

Kwa kukadiria bibo kuwa na uzito wa mara tano tu ya korosho, msimu wa 2017/18 pekee ulikuwa na zaidi ya tani milioni 1.5 za mabibo, na sehemu kubwa huozea mashambani kila mwaka. Goa nchini India, ambako mkorosho ulifikishwa na Wareno haohao, wenyeji wanatengeneza urrak na feni kwa mabibo, na mwaka 2009 jina la feni lililindwa kisheria kuwa la Goa. Arusha, Banana Investments imeingiza pombe ya ndizi kwenye chupa tangu miaka ya 1990. Njia hizo zinawezekana kusini, ila zichukuliwe kwa tahadhari iliyofundishwa na Olympia: kiwanda kikijengwa mbali na mikorosho na mbali na wanawake wanaoijua kazi, jina la uraka litafaidi wengine.

Kwa hiyo halmashauri za Masasi na Newala zingetenda haki kwa kuutenganisha uraka na nipa katika leseni na ukaguzi, kuwafundisha watengenezaji usafi wa vyombo, na kuandika maarifa yao kabla wazee hawajaondoka nayo. Utafiti uliookoa korosho dhidi ya ubwiri unga uelekezwe pia kwenye bibo. Uraka ni urithi wa kusini uliotokana na mti wa kigeni, ardhi kame na mikono ya wenyeji, na unastahili kuhesabiwa miongoni mwa mazao ya mkorosho kama korosho yenyewe.